Kabati Lililokwenda Harusini

Huko Ulaya wapo watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wanaokosa usingizi kwa sababu hawajui ndani ya kabati kulikuwa na nini. Kabati lenyewe si lao. Ni la kwenye sinema, tena sinema bubu ya kuchekesha, iliyopigwa zamani hizo redio bado ni uchawi. Mchezaji wake hakuvuma hata mtaani kwao. Kampuni iliyoitengeneza iliungua moto pamoja na mikanda yake, ikasalimika nusu ya kwanza tu ya picha hiyo, na nusu hiyo imefungiwa makumbusho kama jino la mtakatifu.

Katika nusu hiyo, bwana mmoja mwembamba kama mlingoti wa mkonge amebeba kabati mgongoni, analipeleka kwa bibi harusi. Anapita nalo sokoni, anapita kanisani, anatumbukia nalo mtoni. Kila anapopita, mlango wa kabati unafunguka wenyewe na kumeza kitu: kuku, kofia ya padri, polisi mzima na firimbi yake. Mwishowe analifikisha, analitua katikati ya wageni, bibi harusi anashika kitasa. Hapo mkanda unakwisha.

Basi watu hao wanaokusanya mikanda ya kale huandikiana barua miaka nenda rudi. Huyu anasema alitoka polisi, yule anaapa alitoka mchumba mwingine. Na ukitaka kuwajua vizuri, picha wakiipata nzima huiweka kabatini wakaisahau. Wanayoipenda mpaka kuugua ni ile iliyokatika.

Mmoja wao, Bwana Falki, aliandika barua mwaka tisini na sita. Juu ya bahasha aliweka: Mwendesha Sinema, Shamba la Mkonge, Korogwe, Tanganyika. Tanganyika ilikwishakuwa nchi ya kwenye vitabu, na sinema shambani hakuna aliyeikumbuka. Lakini posta ya Korogwe walicheka kidogo tu, wakaipeleka moja kwa moja kwa mzee Yordani, maana mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyewaambia watu kwamba aliwahi kuendesha sinema, na aliwaambia hata wasiouliza.

Yordani alikuwa mtoto wa manamba aliyeletwa na lori kutoka Songea kuja kukata mkonge, akazaliwa kambini, akakulia kambini, akazeekea palepale. Ujanani Mgriki mwenye shamba alimfundisha kuzungusha mashine ya sinema. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walitundika shuka kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa kuanikia mkonge, wanaume wakakaa mbele ya shuka na wanawake nyuma yake, kila upande ukaona picha ileile, ila kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine. Mgriki alikuwa na mkanda mmoja tu wa maana, huo wa kabati, mzima. Maandishi yake yalikuwa ya Kizungu na picha yenyewe haisemi, kwa hiyo aliyesema ni Yordani. Mashine alimwachia kijana mmoja wa kambini, akasimama kando ya shuka, akawageukia watu, akampa bwana wa kabati sauti, akampa padri sauti, akampa kuku sauti. Watu walicheka mpaka wakashikana. Efrazia alikuwa upande wa nyuma, na kicheko chake kilivuka shuka kikamfikia Yordani kabla hajamwona mwenyewe. Waliooana kwa sababu mbaya kuliko hiyo ni wengi.

Sasa Efrazia hakuwa akicheka. Mtoto wao wa pekee, Mathias, aliyekuwa utingo wa malori ya njia kuu, alirudi nyumbani mwembamba, akalazwa hospitali, akafa. Ilikuwa miaka miwili nyuma. Tangu siku hiyo Efrazia alipika, alifua, aliitikia salamu, akaishia hapo. Jioni alikaa kwenye kizingiti akiangalia barabara. Bado waliitana baba Mathias na mama Mathias, kwa kuwa hawakuwa na majina mengine mdomoni, na kila walipoitana walikuwa kama wanaotonesha kidonda kwa zamu.

Barua ya Bwana Falki Yordani alisomewa na mwalimu Mdoe wa sekondari. Binti wa Mgriki, aliyekwisha kuwa bibi huko kwao, alikuwa amemwambia Falki kwamba mkanda wa baba yake ulikuwa mzima mpaka mwisho. Kama bado upo, Falki aliomba uwekwe pakavu, mbali na moto, naye angekuja mwenyewe. Yordani akamwambia Mdoe ajibu kwamba upo, na kwamba yeye hataki malipo. Anataka arudishiwe kaseti ya picha hiyo, ya kutia kwenye deki ya video, basi.

Mdoe alimuuliza kama mkanda upo kweli. Yordani akasema uko mahali.

Deki ilikuwa kwa Salimu, kijana aliyefungua kibanda cha video karibu na stendi, enzi hizo kila kitu ruksa, makaratee na mapanga yanalia kutwa nzima. Yordani alimweleza mpango. Salimu akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akamuuliza kama hao waigizaji hawasemi kwa sababu wana njaa ama wamefiwa. Vijana waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko.

"Babu, picha haipigani, haiongei. Sasa inafanya nini?"

"Inabeba kabati," Yordani akasema.

Walicheka tena, lakini Salimu si mtu mbaya. Aliahidi kwamba kaseti ikija atafunga kibanda siku nzima, Bibi Efrazia akae kiti cha mbele peke yake, kiti chenye mto. Yordani alitoka pale anatembea kama aliyepewa cheo. Alichotaka duniani kilikuwa hicho tu, Efrazia akae mbele ya bwana wa kabati, acheke hata mara moja, ili yeye Yordani ajue kwamba mkewe bado yumo humo ndani.

Mkanda uko mahali, naam. Mahali penyewe ni kwa Kasaine. Huyo alikuwa mlinzi wa stoo ya shamba. Mashamba yalipoanza kuuzwa kwa wenye nazo, stoo ilifagiliwa, makorokoro yakatupwa nje, Kasaine akaokota makopo matatu ya bati, akarudi kwao nyanda kavu za Handeni. Yordani alipanda basi mpaka Handeni mjini, akakodi baiskeli, akasukuma zaidi kuliko alivyopanda, akafika bomani kwa Kasaine jua likiwa utosini.

Walisalimiana sana, kwa kuwa walikuwa hawajaonana miaka mingi. Kasaine akamkaribisha chai, na sukari ikatolewa kwenye kopo la bati lenye alama ambayo Yordani angeitambua hata gizani. Nemayian, mke wa Kasaine, alilisifu kopo hilo: sisimizi haingii, mchwa haingii. La pili lilikuwa na majani ya chai, la tatu na chumvi ya ng'ombe.

"Na vilivyokuwemo?" Yordani aliuliza, kikombe akakitua chini.

"Makopo ni mazuri sana, ndugu yangu," Kasaine alisema. "Hizo kamba za ndani ndizo mbaya. Ndama wamezikataa hata kuzitafuna."

Zilikuwa ndani ya gunia, kwenye kona ya kibanda cha ndama, na ndama ni watoto, hawajui kwenda nje. Magurudumu matatu ya mkanda, yamelowa, yamenata, yameota ukungu, yananuka mkojo wa misimu kadhaa. Yordani alivuta kipande kidogo, akakinyoosha juani. Chini ya utando aliona mguu mmoja na pembe ya kabati. Alimshukuru Kasaine mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwenye basi la kurudi, abiria wa jirani alihama kiti.

Falki alikwisha kuandika siku ya kuja, na zilibaki siku tano afike. Efrazia aliinusa ile harufu tangu mlangoni, akaja, akalifungua gunia, akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema mwaka ule.

"Mgeni hapewi kitu kinachonuka choo, baba Mathias. Tukioshe."

Hapa ndugu msomaji usiwacheke upesi. Barua ilisema mkanda uwe mkavu, na huu ulikuwa umelowa. Yordani, baada ya mashine ya sinema kufa, alikuwa nyapara wa kuanika mkonge miaka kumi na saba, na nyapara wa kuanika anajua jambo moja kuliko maaskofu wanavyojua Biblia: mkonge ukitoka kwenye korona, ile mashine ya kuuparua, huwa mbichi na mchafu. Unauosha kwanza. Ukiuanika na uchafu wake unaozea ndani, unakuwa mweusi, haufai hata kamba ya mbuzi. Osha, anika, piga brashi. Shamba zima lilikula kwa sheria hiyo. Mtu aliyeishi hivyo, ukimpa kitu kirefu, chembamba, kilicholowa na kunuka, unadhani atafanyaje?

Walikwenda asubuhi kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia. Nguzo nyingi zilikuwa zimeng'olewa kuwa kuni, ila safu mbili zilibaki na waya zake. Wakachota maji ya mto Pangani kwenye pipa lililokatwa, wakakata sabuni ya mche, wakaukunjua mkanda hatua kwa hatua. Efrazia alishika konzi ya singa za mkonge, akausugua mbele na nyuma, kwa upole, kama anayemwogesha mtoto. Maji yakawa ya kijivu, halafu ya kahawia, halafu meusi ti.

"Ona uchafu huo," Yordani alisema, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Walimwaga, wakachota mengine. Yakawa meusi tena, wakafurahi tena. Mpaka saa sita maji yalitoka safi, na mkanda wote ulikuwa juu ya waya unameremeta, safu kwa safu, upepo unaupepea. Watu waliopita njiani walisimama kutazama. Efrazia alikaa chini, mikono imejaa povu, uso wake umelegea kidogo. Macho yake ya karibu yalikuwa yamekufa zamani, hata mchele alichambuliwa na majirani. Akamwambia mumewe amwangalizie yule bwana, kama amefika mtoni au bado.

Yordani alinyanyua mkanda, akauelekeza kwenye jua. Aliona jua. Akasogea hatua tatu, akanyanyua pengine, akaona tawi la mkorosho upande wa pili, safi, na ndege juu yake. Alikwenda mpaka mwisho wa safu akipapasa. Ulikuwa mweupe wote, kama kioo cha dirisha la mtu mwenye mke msafi. Pembeni kulibaki vitundu tu vya meno ya mashine, vimepangana vizuri, havina cha kuvuta.

Alishika nguzo.

"Umemwona?" Efrazia aliuliza kutoka kule.

Ulikuwa wakati wa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analijua. Yordani alimgeukia, akauona ule uso uliolegea, na kinywa chake kikafanya kilichozoea.

"Yupo. Ndiyo kwanza anaingia mtoni. Maji kiunoni, kabati limegoma." Akampa bwana wa kabati sauti yake ya zamani, ya mtu mwenye mafua. "Samahani bwana mamba, mimi napita tu, mzigo si wangu." Akampa mamba sauti. Kwenye picha hakukuwa na mamba, mtoni kwao Ulaya mamba atoke wapi, lakini kambini alikuwepo siku zote.

Efrazia akacheka. Kilianza puani, kikashuka kifuani, akainama, akajipiga paja kwa mkono wenye povu. Yordani aliendelea na kuku, akaendelea na padri, ameshika mkanda usio na kitu mbele ya jua, huku machozi yanamshuka, na kwa mbali yangeweza kuwa ya kucheka.

Siku nne alizobeba jambo hilo peke yake, Efrazia aliimba jikoni. Alimuuliza kama amekwenda kumkumbusha Salimu habari ya kiti. Yordani alisema amekwenda. Aliomba gari la mgeni liharibike Segera. Aliomba mgeni aumwe, asife, aumwe tu kiasi.

Bwana Falki alifika siku ileile aliyosema, na saa ileile, kwa pikapu ya kukodi, pamoja na mwalimu Mdoe. Alikuwa mzee mfupi mwenye haya, akasema shikamoo kwa Kiswahili chake chote. Akapewa stuli chini ya paa la veranda. Kabla hajagusa kitu alivaa glovu nyeupe, na Efrazia alipoziona hizo glovu alimnong'oneza mumewe kwamba unaona, kama tungempa uchafu ule.

Falki alikunjua kitambaa kilichofungia magurudumu, akavuta mkanda, akauelekeza kwenye mwanga. Akavuta zaidi. Akaenda gurudumu la pili, akaanzia katikati, akaanzia mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakupaza sauti. Alimwambia Mdoe jambo kwa Kiingereza.

"Mzee, anauliza mmeufanya nini."

"Nimeuosha mimi," Yordani alisema. "Peke yangu."

"Tumeuosha," Efrazia alisema. "Kwani kuna nini?"

Mdoe alimtazama Yordani, akaona hakuna msaada utakaotoka huko, akamwambia mama wa watu kwa sauti ya chini kwamba mkanda umebaki mtupu. Picha ndiyo ule weusi uliotoka na maji. Efrazia alizitazama glovu nyeupe, halafu mikono yake mwenyewe.

Falki alitoa daftari na kalamu, akauliza swali lake taratibu, na hata asiyejua Kiingereza angejua ni swali alilosafiri nalo maisha yake yote. Mdoe akatafsiri: basi, mkanda umekwenda, wewe uliuonyesha mara ngapi?

"Mara mia mbili. Zaidi."

"Anasema umwambie wewe. Bibi harusi alipofungua kabati, ndani kulikuwa na nini?"

Yordani alifungua kinywa. Alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu chungu nzima. Kambi ikiwa na wageni wapya kutoka kusini, alitoka mama mkwe. Wakiwepo watu wa Kigoma, alitoka nyapara amelala. Usiku Mgriki alipokwenda Tanga, alitoka Mgriki mwenyewe na chupi. Alitoka mbuzi, alitoka daktari wa sindano, alitoka bwana mwingine mwenye kabati dogo zaidi. Alijaribu kuyasogeza hayo yote pembeni aone kilichokuwa kwenye shuka, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Muda huo yeye alikuwa amewageukia watu. Mara mia mbili aliwaangalia watu wanavyocheka, wala hakuwahi kugeuka.

"Sikumbuki," alisema.

Falki akamgeukia Efrazia. Mdoe akauliza.

"Sisi hatukuwa tunaangalia," Efrazia alijibu. "Tulikuwa tunamsikiliza yeye."

Daftari likafungwa bila kuandikwa. Mgeni alikata kipande cha mkanda, urefu wa kidole, akakitia ndani ya bahasha, sijui cha kazi gani, akashukuru kwa mikono miwili, akapanda pikapu. Mdoe alitaka kusema jambo la kufariji, akaishia kuwaambia kuna jua kali leo.

Walibaki wawili verandani, na magurudumu matatu ya hewa katikati yao.

"Baba Mathias."

"Naam."

"Majuzi kule uwanjani. Ulikuwa unamwona?"

"Hapana."

Efrazia alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha. Alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu kwa ajili ya mgeni. Kitenge hicho kilikuwa na habari yake. Yordani ndiye aliyekuwa hospitali siku ile Mathias alipokufa, peke yake, naye ndiye aliyeleta nyumbani maneno ya mwisho ya mtoto: mwambieni mama asilie, namwona amesimama mlangoni na kitenge chake cha bluu. Kwa maneno hayo Efrazia aliamka miaka miwili. Hakuwa na chakula kingine.

"Maneno ya Mathias," alisema. "Ya kitenge. Yalikuwa yake au yako?"

Yordani aliyatazama magurudumu. Alitafuta sauti ya kumpa mtu fulani, akawakosa wote.

"Aliomba maji," alisema.

"Ukampa?"

"Nilikwenda kuchota. Bombani palikuwa na foleni."

"Foleni ndefu?"

"Si ndefu sana." Efrazia akamsubiri, hakumsaidia. "Watu walikuwa wamechoka, mama Mathias. Wana wagonjwa wao. Nikawasimulia kidogo ile ya kabati. Wakacheka. Wakaniambia endelea, nikaendelea. Nilipoona zamu yangu imepita nikachota, nikarudi. Wodini walikuwa wameshamfunika."

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga. Walimsikiliza atwange mpaka akamaliza.

Efrazia aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amevaa kanga ya kushindia, na kile kitenge kimekunjwa vizuri mkononi. Alikiweka juu ya stuli alipokuwa amekaa mgeni. Kisha akampita mumewe, akaenda jikoni kuwasha moto, maana mchana ulikuwa umekwenda na hakuna aliyekula.